Siku Niliyompelekea Jirani Mpaka Wetu

Niliung'oa mpaka wa shamba letu kwa mikono yangu miwili, nikaubeba begani, nikaufikisha mlangoni kwa jirani na kumwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akanipa soda. Nikanywa yote. Kosa lenyewe ndilo hilo. Nimeliweka mbele kabisa ili usije ukasoma hadi katikati ukidhani nasimulia ujinga wa mtu mwingine.

Nilikuwa na miaka kumi, darasa la nne. Sasa niko kidato cha tatu, sauti imekuwa nzito, ndevu zimeota nne ambazo nazihesabu kila Jumapili, na nilidhani habari ile haiwezi kunigusa tena. Lakini wiki iliyopita shuleni kwetu walianza kuchimba msingi wa bweni jipya, na sisi tuliokuwa na adhabu tukapewa sululu tusaidie. Adhabu ya nini, tusiulizane. Sululu yangu ya kwanza ilipozama, ikapanda ile harufu: udongo mbichi uliokatwa, wenye ubaridi wa chini, na mizizi iliyokatika ikitoa maji machungu. Wenzangu waliendelea kupiga kelele. Mimi nilisimama tu. Mwalimu wa zamu akaniuliza kama na mimi nimeota mizizi. Siku nyingine ningemjibu, majibu ninayo ghala zima, lakini nilikuwa nimechoka ghafla, uchovu ambao haukuwa wa mikono. Ilikuwa ni harufu ya ukingo wetu wa Akheri.

Akheri ni mteremko wa Mlima Meru, na huku hakuna shamba lililolala tambarare. Kila moja liko juu ya kichwa cha jingine, kama wanafunzi kwenye vitanda vya dabo deka. Kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani la ukoo, kilikuwa kitanda cha juu: nyumba ya bati, ng'ombe wawili wa zizini, migomba, kahawa ya babu, na pembeni vitalu vya nyanya vya mama. Chini kulikuwa na ukingo wenye kimo cha mtu mzima na nusu, ulioshuka taratibu, umejaa nyasi na magimbi. Juu ya ukingo huo ulipita mfereji wetu, mwembamba, mguu wa mtoto unautosha, na nje kidogo ya mfereji ulisimama mstari wa masale.

Isale unalijua hata kama hujui jina lake. Ni mmea wa majani marefu yanayoning'inia, haufi hata ukiuchomeka kwenye kiatu. Kwetu unafanya kazi mbili. Ukipandwa kwa mstari ni mpaka, na hakuna mwenye akili anayeugusa. Jani lake likikatwa, likafungwa fundo na kupelekwa kwa mtu uliyemkosea, ni kuomba radhi, na hakuna mwenye akili anayelikataa. Mimi kazi zote mbili nilizijua. Tatizo langu halikuwa kutojua. Tatizo langu, kama mama alivyozoea kusema, lilikuwa kuongeza chumvi kwenye chai.

Maji yalitoka juu msituni na zamu zetu zilikuwa Jumanne na Ijumaa asubuhi. Msimamizi alikuwa Mzee Zakayo, mwembamba kama mpini, mwenye viatu vya mpira ambavyo sijawahi kuviona vikiwa vikavu. Sheria yake ilikuwa fupi: kipande cha mfereji kinachopita kwako ni mzigo wako. Ukikiacha kikaharibika na wa chini wakakosa maji, unaondolewa kwenye zamu. Zamani watu waliichukulia kama maneno tu ya mkutanoni. Lakini ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, kahawa hainunuliki, watu wanaing'oa usiku na mchana na kupanda nyanya za kupeleka mjini, na nyanya ina kiu kuliko mlevi. Baba yangu naye alikuwa ameondoka kwenda Mererani kutafuta jiwe la tanzanaiti. Jiwe lilikuwa halijaonekana, na yeye pia alikuwa haonekani sana. Kwa hiyo nyumba yetu yote ilikuwa imesimama juu ya nyanya za mama, na nyanya za mama zilikuwa zimesimama juu ya ule mfereji.

Kitanda cha chini alikuja kukinunua Baba Glory. Alikuwa na duka la spea mjini Arusha, kicheko kikubwa, na binti aitwaye Glory ambaye alikuwa darasani kwetu na alinishinda hesabu bila huruma. Alitaka kujenga nyumba ya kuishi, vyumba viwili vya biashara mbele, na uwanja wa kuegesha pikapu yake. Uwanja ulihitaji tambarare. Tambarare hakuna. Basi akaleta vijana wanne wenye sululu, wakaanza kuula ule ukingo kutokea chini.

Mama alishuka siku ya tatu. Nilimfuata, maana palipokuwa na maneno nami nilikuwepo.

"Habari za kazi, Baba Glory."

"Nzuri, Mama Eli. Karibu uone maendeleo."

"Nimeyaona. Naona unachimba miguu ya shamba langu."

Baba Glory akacheka, si kwa dharau, ndivyo alivyokuwa. "Mama Eli, mimi nachimba kwangu. Kwako sijagusa hata jani. Shamba lako lile pale juu, limetulia."

"Limetulia juu ya nini?"

Kijana mmoja akacheka, kisha akajifanya anakohoa. Baba Glory akautazama ule udongo uliosimama wima mbele yake, mbichi, unang'aa alama za sululu. "Udongo wa huku ni mgumu kama saruji," alisema. "Babu zetu wamechimba mifereji kwenye mlima wote huu. Umesikia wapi mlima umeanguka?"

"Babu zetu walichimba kwa mlalo. Wewe unakata kama mkate."

Akarudi juu. Hakupiga kelele. Mama yangu akikasirika hupunguza sauti, na siku ile aliongea kwa sauti ya mtu aliye kanisani. Usiku alitoa kitenge chake kizuri akakining'iniza. Nilijua maana yake: anakwenda baraza la kata kumshtaki Baba Glory.

Hapo ndipo na mimi nilipoamua kusaidia.

Ijumaa ilikuwa zamu yetu. Mama alinituma nikakae mferejini niangalie maji yasipotee. Nikakaa. Chini yangu wale vijana wanne walikuwa wamepumzika wanakunywa chai, wamepanga migongo yao chini ya ukingo kabisa. Sasa mtu mwenye maji juu na migongo minne chini, utamwambia atulie vipi? Nikaziba mfereji kwa kipande cha mgomba na matope, maji yakajaa, halafu nikafungua mdomo upande wa nje. Yakashuka kama pipa limemwagwa. "Karibuni bafuni!" nikapiga kelele. Wakaruka kama vyura. Nilicheka nikaanguka kwenye magimbi, na Baba Glory alipotoka kuangalia, nikamwita fuko, mbele ya wafanyakazi wake, kwa sauti iliyosikika hadi barabarani.

Ambacho sikukiona ni mifuko ya saruji iliyokuwa pale chini, imefunikwa turubai kwa juu tu. Saruji ikishalowa huwezi kuibembeleza. Kufikia jioni ilikuwa mawe yenye umbo la mito ya kulalia.

Baba Glory alipanda kwetu bila kicheko. Alieleza yote akiwa amesimama, amekataa kiti. Mama alinigeukia.

"Kweli?"

"Kweli, mama."

Hakunipiga. Alikaa kwenye kigoda, akakitazama kile kitenge kilichoning'inia. "Mimi nilikuwa naenda kumshtaki yeye," alisema baada ya jirani kuondoka. "Sasa nitaanzia wapi?"

Kesho yake alfajiri alijitwisha ndizi kwenda sokoni Tengeru. Mlangoni aligeuka akaniambia: "Kata jani la isale, funga vizuri, umpelekee Baba Glory umwombe radhi. Nikirudi nikute umeshasamehewa."

Jani. Alisema jani, na mimi nilisikia jani. Nyuma ya jiko kulikuwa na kichaka cha masale kilichopandwa kwa kazi hiyohiyo ya kukata. Lakini humo alikuwa amelalia mayai kuku wa mama, yule mwenye shingo kipara, na mimi na kuku huyo tulikuwa na ugomvi wa muda mrefu. Nikapita mbali. Halafu nikaanza kufikiri, jambo ambalo halijawahi kunisaidia. Jani moja ni la kosa dogo, kama kumkanyaga mtu. Mimi makosa yangu yalikuwa matatu: maji, saruji, na fuko. Kwa makosa mazito namna hiyo, kupeleka jani si ni kama kumdharau mtu? Nikaona inafaa kupeleka isale zima. Na kwa haki, masale matatu.

Yale ya ukingoni yalikuwa rahisi. Kwa jinsi udongo ulivyochimbwa chini, mizizi yake ilikuwa imetokeza nje inaning'inia hewani, ya rangi ya chungwa, minene kama vidole. Nikachagua makubwa, yale matatu ya kwenye kona ambako mpaka unapinda, yaliyopandwa na babu mwenyewe. Nikavuta. Yakatoka na bonge la udongo, na ile harufu. Chini yake ukabaki mdomo wazi, kokoto zikawa zinadondoka moja moja, tk, tk, tk. Nikazisikia. Sikuzijali.

Baba Glory alikuwa anapiga mswaki nje ya kibanda chake cha mabati.

"Shikamoo, Baba Glory. Nimekuja kuomba radhi."

"Marahaba." Alitema povu, akaangalia mzigo. "Yote hayo?"

"Makosa yalikuwa matatu."

Alicheka akakaa chini kwenye tofali, mswaki mkononi. Glory alichungulia dirishani akacheka pia, nikajisikia mtu wa maana. Kisha Baba Glory aliosha mikono, akayapokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, akasema nimesamehewa, na kwamba Mama Eli amelea mtoto mwenye heshima. Akanifungulia soda, akanikatia na mkate. Wakati nakunywa, yeye akachukua jembe na kuyapanda getini kwake, mawili kulia na moja kushoto, maana isale la radhi halitupwi. Nadhani mpaka leo mimi ndiye mtu pekee katika wilaya yetu aliyeuza ardhi ya ukoo kwa soda ya chungwa.

Mama aliliona pengo kutokea njiani. Hata tenga hakulitua.

"Eli. Masale ya konani yako wapi?"

"Kwa Baba Glory. Amenisamehe yote matatu."

Alishuka na tenga lake kichwani, mimi nyuma. Baba Glory alikuwa akimwagilia maji getini.

"Baba Glory, mtoto amekosea. Hayo ni ya mpaka. Naomba unirudishie nikayapande."

"Mama Eli." Safari hii alikuwa mpole kabisa, na nadhani alimaanisha. "Isale la radhi linarudishwa? Wewe umezaliwa Machame, kwenye masale yenyewe, unajua kuliko mimi. Nikirudisha, maana yake nimekataa kumsamehe huyu mtoto. Nikatae?"

Mama aliyatazama masale yale. Tenga lilitulia tuli kichwani kwake.

"Usikatae," alisema.

Alikata mengine nyuma ya jiko, kuku akapiga kelele, akayachomeka kwenye pengo. Hayakushika. Pale chini hapakuwa na kitu cha kushika.

Masika yalikuja kama yanavyokuja kwetu, mlima unatoweka kwa wiki nzima na bati linaongea peke yake. Asubuhi moja nilikuwa nakunywa uji nikasikia sauti nzito, fupi, kama mtu mkubwa sana amechoka akakaa chini. Tulipotoka, ukingo haukuwepo. Kuanzia pale kwenye kona, shamba lilikuwa limemeguka hatua tatu kwenda ndani, urefu wa nyumba mbili. Migomba minne ilikuwa imesimama wima uwanjani kwa Baba Glory, kama imehamia kwa hiari yake. Mfereji ulikuwa umekatika, na maji yote yanamwagikia kwake.

"Mama Eli!" alipiga kelele kutoka chini, amevaa kaptula, ameshika ndoo. "Fungeni maji yenu!"

"Yalikuwa na njia yake," mama akamjibu, kwa ile sauti ya kanisani.

Mzee Zakayo akafika, akafunga maji juu, akaja kusimama pembeni ya shimo na viatu vyake vilivyolowa. Alitazama muda mrefu. "Kipande ni chako, Mama Eli," alisema. "Lakini utachimba wapi? Hewani?" Akampa muda hadi mvua iishe. Kiangazi kikianza na maji hayapiti, jina linatoka kwenye zamu, na hilo halikuwa jambo la yeye kupenda au kutopenda, maana watu kumi na zaidi walikuwa wanayasubiri chini yetu.

Kesi ikawa hivi, na hata mimi wa miaka kumi niliielewa. Mpaka ukiwa bado ni pale yalipokuwa masale ya babu, basi hatua tatu zilizoanguka ni zetu, na Baba Glory atapaswa kuzijaza na kuzishikilia, mfereji urudi mahali pake. Mpaka ukiwa umehama, basi kilichoanguka kimeanguka, na mama atakata mfereji mpya katikati ya kahawa na vitalu vyake, kwa jembe lake mwenyewe.

Baraza lilikaa ofisi ya kata, kwenye mabenchi yanayobana mapaja. Mwenyekiti alikuwa Mama Nsia, nesi mstaafu wa zahanati, na hakukuwa na mtu mle ndani ambaye hakuwahi kumvulia suruali akachomwa sindano. Ndiyo maana palikuwa na nidhamu. Mama alivaa kile kitenge. Alieleza kwa kifupi: jirani amechimba, nilimwonya, shamba limeanguka, naomba mpaka wangu.

Baba Glory akasimama. Alianza vizuri, akawasalimu wakubwa, akasema yeye hana ugomvi na mtu. "Mimi nilichimba kwangu, waheshimiwa. Na kuhusu mpaka, mimi sikuugusa. Mpaka nililetewa nyumbani." Watu wakaanza kucheka. "Niliamkiwa shikamoo, nikapewa na mizizi yake! Upo getini kwangu unachanua. Sasa mtu akikuletea mpaka wake mwenyewe, wewe useme nini?"

Walicheka hadi benchi la nyuma likapinduka. Nami, Mungu anisamehe, nilitabasamu, kwa sababu kilikuwa kichekesho kizuri na kilikuwa changu. Kisha nikauona uso wa mama.

"Mlete huyo mtaalamu," alisema Mama Nsia.

Nikasimama mbele.

"Masale uliyang'oa wewe?"

"Ndiyo, bibi."

"Kwa akili yako, au ulitumwa?"

"Akili ipi?" mtu akadakia nyuma, na kicheko kikaanza tena, lakini Mama Nsia aliinua kidole kikakatika. Hakuwa anacheka. Watu wazima nao hawakuwa wanacheka tena. Nilifungua mdomo niseme kweli, kwamba niliambiwa jani nikaongeza mwenyewe, na niliona kweli hiyo ni nzuri, ingeturudishia shamba. Mama akasimama kabla yangu.

"Nilimtuma mimi."

Mama Nsia akavua miwani. "Mama Eli, fikiri kwanza. Ulimtuma ang'oe masale ya mpaka?"

"Nilimtuma apeleke masale. Alipeleka."

"Nauliza ya mpaka."

"Ya mpaka."

"Lakini mama, ulisema ja..." nilianza, na kisigino chake kikatua juu ya vidole vyangu. Kisigino kile kimelima miaka mingi. Nikanyamaza, machozi yakanitoka.

Baba Glory mwenyewe aliacha kutabasamu, akawa anachezea kofia yake, kama mtu aliyesukuma mlango uliokuwa wazi.

"Haya," Mama Nsia akasema taratibu. "Mwenye shamba akitoa masale yake mwenyewe, baraza haliwezi kumrudishia. Mpaka uko pale ardhi ilipoishia sasa. Mfereji utausogeza ndani, Mama Eli, na zamu yako hakuna wa kuigusa ukishapitisha maji." Akamgeukia jirani. "Na wewe usikae, sijamaliza. Unasema ulichimba kwako. Sawa, ulichimba kwako. Lakini shamba la mwenzako lilikuwa limeegemea bega lako, na wewe ukaondoa bega. Mtu anachimba kwake kwa namna ambayo jirani anabaki amesimama. Utajenga ukuta wa mawe, kutoka chini hadi juu. Na maji yatapita juu ya ukuta huo, hutayaziba, hutayakataa."

Ukuta aliujenga, nisiwe mchoyo. Alianza kwa kasi, akaufikisha kifuani kwangu, halafu ikawa wiki ijayo, halafu ikawa baada ya Krismasi. Mimi nimekua, ukuta haujakua. Kila masika mama anatoka na tochi kuutazama, na ninapokuwa likizo naenda mimi. Baba aliporudi safari moja kutoka Mererani alisimama pale akauliza, "Hapa si palikuwa na kahawa?"

Kwa miaka mingi habari hii niliisimulia kama kichekesho. Bwenini wanaiomba: Eli, tupe ile ya soda. Ninawapa maji, saruji, fuko, soda, wanalia kwa kucheka, na nikifika kwenye baraza nasema kengele imelia. Moyoni niliamini kwamba mama yangu aliogopa watu, kwamba alishikwa na haya akasema la kusema ili akae chini.

Mwaka jana, likizo ya mwezi wa sita, mama alikuwa na homa akanituma mkutano wa mfereji badala yake. Mzee mmoja wa kule juu, mwenye mvi kichwa kizima, alisimama akaomba aongezewe saa moja ya maji, ana msiba. Watu wakakohoa. Hakuna aliyesema hapana. Mzee Zakayo aligeuza ukurasa tu, wakaendelea na habari ya koleo lililopotea. Yule mzee alibaki amesimama kidogo, kisha akakaa, akaweka mikono yake katikati ya magoti. Nikamuuliza jirani yangu wa benchi kulikoni. "Huyo aliwahi kung'oa isale la kaka yake," aliniambia. "Akiwa mtoto." Nikauliza lini. "Sijui. Mimi nilikuwa sijazaliwa."

Ilipofika zamu yangu nilisimama nikaomba maji ya kitalu kipya. Mzee Zakayo hakuinua hata kichwa. "Mtoto wa Mama Eli, haya," alisema, akaandika.

Nilirudi nyumbani polepole nikiyapitia maneno ambayo mama aliniambia siku ile tulipokuwa tunakata mfereji mpya. Ilikuwa siku mbili baada ya baraza. Tulikuwa tumeshang'oa miche sita ya kahawa ya babu, mashina yamelala pembeni, na bado kulikuwa na urefu wa nyumba nzima wa kuchimba. Viganja vyangu vilikuwa vimepasuka. Nililia, si kwa viganja tu, nikamuuliza kwa nini alisema uongo mbele ya watu wote wale wakati mimi nilikuwa tayari kusema kweli. Alichimba hadi mwisho wa kamba ya kupimia, akasimamisha jembe, akaliegemea, na maneno yake yalikuwa haya:

"Ningesema sikukutuma, leo tungekuwa na hatua zetu tatu, na wewe ungekuwa mng'oa mpaka hapa Akheri hadi uzeeke. Palipobaki nitalima. Jina hilo ningekuosha kwa sabuni gani? Haya, futa makamasi, shika jembe."